Pumzi ya Mwenye Duka

Nimewahi kuwa mama mkwe kabla sijaolewa. Nimekuwa trafiki, nami hata baiskeli siwezi kuendesha. Nimekuwa mganga, mke wa waziri, na maiti mara mbili. Hayo yote ni mbele ya kamera. Ndani ya chumba cha kurekodia, ambako hakuna anayeniona, nimekuwa mvulana wa darasa la tatu, mbuzi, malkia wa nchi ya barafu, na bibi tajiri wa tamthilia ya kigeni aliyewatesa wake za wanawe kila siku ya Mungu. Watu wakiijua kazi yangu huniuliza ipi kati ya hizo ni ngumu. Swali langu mimi ni jingine, na nimetembea nalo miaka: hizi sauti nazipata wapi?

Mimi ni mtoto wa Dunda, Bagamoyo. Nilizaliwa na sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Mama anasema hata kilio changu cha kwanza mkunga alidhani ni cha mtoto wa kiume. Madrasa, tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kasida za Maulidi, ustadhi alinisogeza mstari wa nyuma akaniambia kwa upole, bila nia mbaya, "Wewe binti fungua mdomo tu. Sauti waachie wenzio." Nikawa nafungua mdomo. Wazazi waliokuja kutazama walidhani naimba. Jambo hilo lilinishangaza kuliko lilivyoniumiza. Kumbe mdomo na sauti vinaweza kwenda kila kimoja njia yake, na watu wasitambue.

Pembeni mwa nyumba yetu palikuwa na duka la mzee wa Kihindi, Mwislamu kama sisi, ambaye ukoo wake ulikuwa Bagamoyo kabla nyumba yetu haijajengwa. Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu, ila mwisho wa sentensi kilipanda kidogo, kama mtu anayekanyaga kizingiti. Mama alikuwa akikaanga vitumbua vya kuuza, kwa hiyo sukari na mafuta havikukaa ndani, nami ndiye niliyekuwa nikitumwa.

"Shikamoo. Mama anaomba sukari na kiberiti."

"Marahaba. Sema tena."

Nilisema tena. Mara nyingine aliniambia hivyo hivyo hata mara ya tatu, na mimi nikaamini kuwa mzee wa watu ni mzito wa masikio. Kwa kuwa kurudia kitu kile kile kulinichosha, nilianza kubadilisha. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti yangu. Mara ya pili kwa sauti nyembamba ya rafiki yangu niliyekaa naye darasani. Mara ya tatu kwa sauti ya mama anapomwita mtu wa ng'ambo ya uwanja. Mwenye duka alinitazama juu ya miwani. Kisha alivuta pumzi kwa pua, ndefu, ya taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua jibu kutoka rafu ya juu. Ndipo akasema:

"Sukari iko. Kiberiti kiko. Na yule wa tatu ni nani?"

"Ni mama."

"Basi mwombe Mungu mama asikusikie."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Sikuwa na habari kwamba nilikuwa shuleni.

Kuigiza kulinikuta kwa bahati. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha sanaa pale mjini, tukicheza ngoma na vichekesho, ndipo mwongozaji mmoja kutoka Dar akaja kutafuta watu wa filamu. Alinipa nafasi ya msichana wa kazi, wa kuingia na sinia, kuweka, kutoka. Tulipigia picha Mapinga, ndani ya nyumba ambayo haijaisha, kwenye kiwanja cha mtu wa mjini aliyekuwa akijenga kidogo kidogo. Madirisha hayakuwa na vioo, na mbuzi wa jirani alilia kila tulipoanza kurekodi. Siku ya pili mama aliyekuwa acheze mama mkwe hakufika. Simu yake haikupatikana. Mwongozaji alikaa juu ya tofali, kashika kichwa.

Nikamwambia, "Nikusomee maneno yake, angalau mwenzangu apate wa kujibizana naye?"

Nilisoma. Mwongozaji aliinua uso. Akamwita mpambaji aje na poda, khanga na miwani. Jua lilipotua nilikuwa mama mkwe, nami nilikuwa na umri wa binti niliyekuwa nikimtesa.

Filamu ilipotoka, nilikwenda sokoni kununua dagaa, mwanamke mmoja akanikazia macho. "Mwache mtoto wa watu akae na mumewe," akaniambia. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwingine, wa rika langu kabisa, aliniamkia. Basi nikawa mama mkwe wa taifa kwa muda. Baadaye wakanipa utrafiki, uganga, na mengine niliyoyataja. Nilicheza kila nilichopewa kwa sababu moja: nilitaka kujua ndani yangu kuna watu wangapi.

Halafu wakati ulifika filamu zikapungua, tamthilia za nje zikajaa kwenye runinga, na watu wakataka zisemwe Kiswahili. Niliitwa kwenye studio moja Tegeta. Usidhani ni jumba. Kilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida, kuta zimebandikwa magodoro, joto la kuoka mkate, na feni haiwashwi kwa sababu inalia. Unavaa hedifoni, mbele yako kuna kioo kinachoonyesha picha, mkononi maneno. Mgeni anasema katika masikio yako kwa lugha yake, nawe inakupasa uingie ndani ya mdomo wake na kusema kwa lugha yako, uanze anapoanza, uishie anapoishia.

Hapo ndipo nilipokijua Kiswahili upya. Mgeni hufunua midomo mara moja tu, neno limekwisha, amekataa. Sisi lazima tuseme "sitaki", na midomo hiyo itatoka wapi? Au yeye huhutubia dakika nzima akimwambia mwenzake jambo ambalo Mswahili angelimaliza kwa kusema "haya." Mwanzoni nilitazama midomo, nikawa nachelewa kila mara. Ndipo siku moja nikagundua kitu: usitazame mdomo, tazama kifua. Kifua hupanda kabla ya neno. Ukipanda nacho, neno litakukuta umeshafika. Tangu siku hiyo sikuchelewa tena, na mwongozaji wa pale, kijana mpole mwenye masikio makali, akaanza kunipa kila aliyewashinda wengine. Ndivyo nilivyopata mvulana, mbuzi na malkia.

Na ndivyo nilivyompata kobe. Ilikuwa katuni ya watoto, na ndani yake mlikuwa na kobe mzee aliyelinda chemchemi ya msituni. Mwigizaji wa kiume aliyepangiwa alikuwa amekauka koo. Mwongozaji akaniambia, "Jaribu wewe. Nataka mzee aliyeona mengi, lakini asijivune."

Nilimpa kobe sauti ya babu yangu. Mwongozaji akatikisa kichwa. Nikampa shehe, nikampa mwenyekiti wa kijiji. Alizidi kutikisa. Nikaacha kufikiri wazee, nikamtazama kobe mwenyewe pale kwenye kioo. Kabla ya kusema, shingo yake ilijaa, polepole, ikatulia. Nikavuta pumzi kwa pua pamoja naye, ndefu, na maneno yakatoka yakiwa yamekaa juu yake:

"Maji yapo. Subira ipo?"

Mwongozaji alivua hedifoni. "Huyo ni nani?"

"Simjui," nikamjibu, na nilisema kweli. Nilimjua jioni, nikiosha vyombo nyumbani kwangu. Nilisimama na sufuria mkononi nikasema peke yangu, "Sukari iko. Kiberiti kiko." Alikuwa yeye. Mwenye duka alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, Mungu amrehemu, nami nilikuwa mkoani kwenye filamu, sikuwahi mazishi. Sikuwa nimechukua lafudhi yake, kwa kuwa kobe hakuihitaji. Nilichochukua ni pumzi.

Katuni ilipendwa. Ilikuwa ikionyeshwa alasiri, watoto wakitoka shule. Miezi ikapita, ndipo mama akanipigia simu kutoka Dunda.

"Mwanangu, mama wa duka anamtafuta mwanamume fulani."

"Mwanamume gani?"

"Anayesemea yule kobe. Anasema ni mumewe."

Nikakaa kitako. "Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia. Kasema nisimfanyie mzaha, yeye ni mjane."

Mtu mwingine pengine angeingiwa na woga. Mimi niliingiwa na hamu. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kumtambua mtu ndani ya sauti yangu. Nilitaka kujua ametambua nini hasa, maana kobe hakusema hata sentensi moja ambayo mwenye duka angeisema. Ijumaa iliyofuata nikaenda Bagamoyo, nikapanda bodaboda hadi Dunda.

Duka lilikuwa limegawanywa. Mbele, kijana mmoja alikuwa amepanga, anauza makava ya simu na kufanya miamala. Nyuma yake kaunta ya zamani ilikuwa bado ipo, na nyuma ya kaunta, mlango wa sebuleni. Mama wa duka alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono, mtandio mweupe kichwani, mbele ya runinga iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Asalaam alaikum. Shikamoo, mama."

"Waalaikum salaam. Marahaba. Wewe si binti wa vitumbua?"

"Ndiye."

"Karibu. Nilimwomba mama yako aniletee yule bwana."

"Ndiye mimi, mama."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, mama."

"Na macho yangu bado hayajafa." Lakini alitabasamu kidogo. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo. "Ingia humo. Vuta mlango. Nikikuona, nitaona midomo yako. Midomo yako siitaki."

Niliingia. Mlikuwa na giza, magunia machache, na harufu ya bizari iliyokwisha zamani lakini imekataa kuhama. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi.

"Maji yapo. Subira ipo?"

Nje bodaboda ikapita. Kisha sauti yake, ndogo: "Sema, chumvi imekwisha, njoo kesho."

Nikasema.

"Sema, funga mlango, vumbi linaingia."

Nikasema. Safari hii nilimsikia akipumua kwa kukatika katika. Nikataka kutoka, lakini alikuwa hajamaliza.

"Sema, umekula?"

Nikavuta pumzi ile ile, nikasema, "Umekula?"

"Siyo!" alijibu haraka, karibu kwa hasira. "Hiyo siyo kabisa. Toka humo, njoo ukae."

Nilitoka. Macho yake yalikuwa na maji, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamata kosa la mwanafunzi. Alinimiminia chai ya maziwa yenye iliki, akanisogezea sahani ya bajia.

"Ile pumzi," akaniambia, "unajua ni ya nini?"

"Nilidhani ni ya kufikiri. Mzee alikuwa mtu wa busara, akifikiri kabla ya kujibu."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Kufikiri! Alikuwa na kigugumizi, mwanangu. Tangu utoto. Wenzake walimcheka mpaka akaacha kusema. Yaya aliyemlea, mama wa Kikwere, ndiye aliyemfundisha: vuta pumzi kwanza, neno ulipandishe juu yake, lisije likajikwaa. Akafanya hivyo maisha yake yote, hapo kaunta. Hakuna aliyejua. Lakini pumzi inataka muda. Mteja anaingia, anasema mbio mbio, yeye bado hajajipanga. Atafanya nini? Anamwambia mteja, sema tena."

Nikakiweka kikombe chini. "Hakuwa mzito wa masikio?"

"Yeye? Alisikia shilingi ikianguka nyumba ya pili."

Utoto wangu wote ulikuwa umegeuka upande mbele yangu, kama picha uliyoizoea ukutani ambayo mtu ameishusha ukaona nyuma yake. Mzee yule alikuwa akitafuta nafasi ya kuficha ulimi wake, na mimi, katika nafasi ile ile, nilikuwa nikijaribu sauti. Kigugumizi chake ndicho kilichokuwa jukwaa langu la kwanza, na hakuna kati yetu aliyejua mwenzake anafanya nini.

Nikamweleza mama wa duka habari ya sauti zangu tatu. Alifikiri kidogo. "Aliwahi kuniambia kuna mtoto anayekuja na watu watatu mdomoni," akasema. "Sijui kama ulikuwa wewe. Watoto walikuwa wengi."

Nilipenda kwamba hakunihakikishia.

"Na 'umekula', mama? Kwa nini siyo?"

"Kwa sababu nyumbani hakuwa na pumzi. Akivuka mlango huo, kigugumizi kilibaki dukani. Usiniulize kwa nini, muulize Mungu. Humu ndani tulisema Kigujarati, naye alisema mpaka unamwomba apumzike. Ila neno hilo moja alilisema Kiswahili siku zote, kama yaya wake alivyokuwa akimuuliza. Anaingia, hajavua kofia, anasema hivi." Akalisema.

Lilitoka jepesi, la haraka, likishuka mwishoni, halikupanda. Lilikuwa neno la mtu asiyeogopa chochote. Nilimjua mzee yule miaka yote ya utoto wangu, na sauti hii sikuwahi kuisikia.

"Sema tena, mama," nikamwomba.

Sote wawili tukasikia nilichosema. Tukacheka, akalisema tena, na tena, nami nikalijaribu mpaka akaacha kunikosoa.

Saa ya katuni ikafika. Aliondoa kitambaa kwenye runinga, akaongeza sauti. Yeye alimtazama kobe, mimi nikamtazama yeye. Kila kobe alipovuta pumzi, kidole chake cha shahada kiliinuka kutoka kwenye mkono wa kiti, na neno lilipotoka salama, kidole kikashuka. Nikaelewa alikuwa akifanya hivyo tangu alipokuwa bibi harusi, akiwa nyuma ya mlango huu huu, akimsikiliza mumewe na wateja, akimwombea kila neno.

Ilipokwisha nilimuuliza kama angependa niiache sauti ile, nimtafutie kobe nyingine.

"Uiache? Alivyoitolea jasho? Acha watu waisikie. Huyo kobe ana mke?"

"Hana."

"Basi yuko sawa. Mtu asiye na mke atasemaje vingine?" Akafikiri. "Lakini akiingia nyumbani kwake, wewe unajua."

Nilirudi studio nikiwa na macho mapya. Nilianza kuwasikiliza wote niliokuwa nimewasemea, nikitafuta walikotoka. Yule mvulana wa darasa la tatu alikuwa mtoto wa jirani yetu, ambaye sasa ni baba wa watu. Malkia alikuwa mwalimu wangu wa hisabati akiwa na njaa. Cheko la bibi tajiri mpaka leo sijui nimeliokota wapi. Nimemuuliza mama, nimewauliza dada zangu, wote wananiambia hawajawahi kusikia mtu anacheka hivyo.

Baada ya muda kikaja kipande ambacho kobe anamwokota ndege aliyelowa mvua, anampeleka kwake, chini ya mizizi. Anamuuliza kama ana njaa. Nilitazama shingo ya kobe. Ilijaa, kama siku zote. Sikuifuata. Nikaacha pumzi yake ipite bure, nikasema, "Umekula?", jepesi, likishuka.

Mwongozaji akasimamisha. "Kobe kabadilika. Na umeanza mapema."

"Yuko nyumbani kwake," nikamwambia.

Alirudia kusikiliza, kichwa kainamisha. Alirudia tena. Kisha akasema, "Sawa, yuko nyumbani kwake," na tukaendelea.

Nilitamani mama wa duka asikie kipande hicho. Lakini kilipoonyeshwa alikuwa amehamia Dar kwa binti yake, kwa ajili ya matibabu ya miguu. Nilimpigia kumuuliza. "Mwanangu," akasema, "huku rimoti wanashika wajukuu. Wanatazama mpira tu." Nikamsemea "umekula" kwenye simu. Akaniambia nimeongeza chumvi kidogo mwishoni, nisiongeze, na kisha akaniuliza habari za mama.

Mwaka huu nimerudi mbele ya kamera. Filamu inarekodiwa Mkange, njia ya Saadani, na nimepewa mwanamke ambaye hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipousoma mswada nilidhani kurasa zangu zimepotea. Nikakubali siku ile ile, kwa ile hamu yangu ya kawaida: nilitaka kuona kitabaki nini nikivuliwa sauti.

Tulifikia kwa mama mmoja mkulima, mcheshi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kizigua. Aliketi uwanjani akitutazama tukifunga vyombo vya kurekodia, akaniuliza mimi nacheza nani. Nikamweleza.

"Ina maana umetoka Dar mpaka huku kuja kunyamaza?"

"Ndiyo, mama."

"Na unalipwa?"

"Nalipwa."

"Hee! Mume wangu angepata kazi hiyo, tungekuwa matajiri." Akacheka, akajisogeza kunipisha kwenye mkeka wake. Mbele yake kulikuwa na ungo na ufuta uliovunwa karibuni. Nikamwomba anifundishe kupepeta, kwa kuwa kesho yake, asubuhi, mwanamke wangu alitakiwa kuonekana akifanya hivyo, na mimi, mtoto wa mjini, sikujua ufuta unapepetwaje.